Mizani Imo Mkononi mwa Nani?

Mara kwa mara twaulizwa: je, Mkristo afuate ujamaa au ubepari? Swali ni zito, ila twaona laulizwa kwa pupa. Kabla ya kugombania majina yatupasa kutazama mizani imo mkononi mwa nani.

Twatoa mfano wa pamba ya Usukuma. Baada ya Vita Kuu ya Pili mkulima aliichukua pamba yake kwa mchuuzi, na huyo mwenye fedha ndiye aliyepima, ndiye aliyesoma ratili, ndiye aliyelipa. Mkulima aliyeona amepunjwa angemshitaki kwa nani? Basi wakulima wakaweka wapimaji wao wenyewe, wakaunda vyama vya msingi, na mwaka 1955 vyama hivyo vikaungana Mwanza, Paul Bomani akiwa kiongozi wao. Huo haukuwa ubepari, wala haukuletwa kwa amri.

Tusidanganyane: wezi waliingia humo pia, na mwaka 1966 Serikali iliunda kamati kuchunguza vyama vya ushirika nchini. Lakini ugonjwa wa mkono haukuhitaji kukatwa mkono. Mwaka 1972 halmashauri za wilaya zilifutwa. Mwaka 1976 vyama vikuu vya ushirika vikavunjwa, na mashirika ya Serikali yakashika ununuzi wa mazao. Mizani iliyokuwa imetoka kwa mchuuzi ikaangukia kwa afisa, na mkulima akarudi kusimama pembeni na mzigo wake.

Waliofanya hivyo hawakuwa adui wa maskini. Mwalimu Nyerere, Mkatoliki mwenzetu, aliuchukia unyonyaji kwa dhati, na Azimio la Arusha la 1967 lashuhudia. Tena alikuwa mwungwana: mwaka 1984 alikiri kwamba kuvifuta vyama vya ushirika na serikali za mitaa kulikuwa kosa.

Papa Pius XI, katika barua yake *Quadragesimo Anno* ya mwaka 1931, aliukemea uchumi ambamo watu wachache hukusanya mali pamoja na uwezo wa kuwatawala wengine. Katika barua hiyohiyo alifundisha kwamba ni dhuluma chombo kikubwa kukinyang'anya kidogo kazi ambacho chaiweza. Wengi wetu huikumbuka nusu inayomlaumu jirani.

Sheria ya mwaka 1982 iliruhusu vyama vikuu viundwe tena. Majengo hurudishwa kwa sheria. Lakini mtu aliyezoeshwa kungoja uamuzi wa wengine harudishwi kwa siku moja. Kwa hiyo, mkutano wa chama cha msingi uitishwapo, baba wa jamaa asiseme ana palizi. Aende, na mama aende naye, maana pamba hiyo mama ameichuma. Waulize mizani ilikaguliwa lini, na daftari la hesabu liko wapi.