Nani Anaihoji Hazina? Somo kwa Kamati za Parokia



Katika toleo hili tunawaletea somo juu ya jambo ambalo wengi wetu hudhani ni la wakubwa wa Dodoma peke yao, yaani namna Bunge linavyoihoji Wizara ya Fedha na vyombo vilivyo chini yake. Tumelichagua kwa sababu lina mafunzo kwa kila anayeshika daftari la fedha za wengine, hata kama daftari lenyewe ni la michango ya kisima. Tunaomba lisomwe katika kikao cha kamati, kisha maswali yaliyo mwishoni yajadiliwe.

Hazina na Bonga zinahusianaje?

Mtu anayetoka Bonga kwenda Babati mjini hupita kipande cha lami cha kilomita 19.2. Akielekea upande wa Kondoa, kutoka Bonga hadi Mela ni kilomita 88.8. Vipande hivyo ni sehemu ya barabara ya Dodoma hadi Babati, yenye kilomita 251, iliyozinduliwa mwaka 2018. Kipande cha Mela hadi Bonga kilijengwa kwa mkopo wa Benki ya Maendeleo ya Afrika na Serikali ya Japani.

Mkopo huo analipa nani? Tunalipa sisi. Anayenunua sabuni, soda au muda wa maongezi analipa kodi, na kodi hiyo inaingia Mfuko Mkuu wa Hazina. Kwa hiyo mkulima wa mahindi na mbaazi wa Bonga ana haki ya kujua Hazina inatumiaje fedha zake. Kwa kuwa hawezi kwenda kuuliza mwenyewe, Katiba imemwekea watu wa kumuulizia.

Fedha huulizwa kwa njia gani?

Kwa ufupi, hatua ni hizi:

1. Mwezi Juni Waziri wa Fedha anasoma bajeti bungeni. Bunge likiipitisha, matumizi yanaanza Julai 1. Shilingi ya Serikali haitumiki kihalali bila idhini ya Bunge.

2. Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, ambaye wengi tunamjua kwa kifupi cha CAG, anakagua matumizi hayo. Nafasi yake imewekwa na Ibara ya 143 ya Katiba, na kazi yake inaongozwa na Sheria ya Ukaguzi wa Umma ya mwaka 2008.

3. Ripoti ya mwaka anamkabidhi Rais ifikapo mwisho wa Machi. Baada ya hapo lazima ifikishwe bungeni ndani ya siku saba tangu kuanza kwa mkutano wa Bunge unaofuata. Ndiyo maana kila Aprili tunasikia redioni habari za hoja za ukaguzi.

4. Kamati ya Hesabu za Serikali (PAC) inawaita makatibu wakuu wa wizara, akiwemo wa Wizara ya Fedha ambaye ndiye Mlipaji Mkuu wa Serikali, wajibu hoja moja baada ya nyingine. Hesabu za halmashauri, kama Halmashauri ya Mji wa Babati, zinashughulikiwa na Kamati ya Hesabu za Serikali za Mitaa (LAAC).

Mtaona kwamba anayetumia, anayekagua na anayehoji ni watu watatu tofauti. Tena miaka ya 2000 ilijengeka desturi ya kamati hizi kuongozwa na wabunge wa upinzani, ili mwenye kuuliza asiwe na sababu ya kumficha mwenye kujibu.

Mfano mkubwa: fedha za EPA

Miaka ya nyuma, nchi ilipokuwa na uhaba wa fedha za kigeni, waagizaji wa bidhaa walilipa shilingi benki na kusubiri dola zipatikane ili wauzaji wa nje walipwe. Madeni hayo yalirundikana katika Akaunti ya Madeni ya Nje, maarufu kama EPA, ambayo baadaye ilihamishiwa Benki Kuu. Katika mwaka wa fedha 2005/06, kampuni 22 zililipwa zaidi ya shilingi bilioni 133 kutoka akaunti hiyo, kila moja ikidai imehamishiwa deni na mdai wa nje.

Mwaka 2007 baadhi ya wabunge walianza kuuliza. Sauti iliyosikika zaidi ilikuwa ya jirani yetu, Dkt. Willibrod Slaa, aliyekuwa Mbunge wa Karatu. Hakupokelewa kwa makofi, na nyaraka zake zilitiliwa shaka hadharani. Lakini hakunyamaza, na hatimaye Serikali ilikubali ukaguzi maalumu, uliofanywa na wakaguzi wa Ernst & Young.

Januari 2008 Serikali ilitangaza matokeo. Kampuni 13 zilikuwa zimelipwa zaidi ya shilingi bilioni 90 kwa nyaraka za kughushi. Tisa zilizobaki zilikuwa zimelipwa zaidi ya bilioni 42 bila vielelezo vya kutosha. Rais Jakaya Kikwete alitengua uteuzi wa Gavana wa Benki Kuu, Daudi Ballali, na kuunda timu ya Mwanasheria Mkuu, Mkuu wa Polisi na Mkurugenzi wa TAKUKURU. Agosti mwaka huohuo Rais aliliambia Bunge kwamba zaidi ya bilioni 53 zilikuwa zimerejeshwa, na kwamba zitaelekezwa kwenye kilimo, zikiwemo pembejeo za wakulima. Baadhi ya watuhumiwa walifikishwa mahakamani, na mwaka 2011 wawili wao walihukumiwa kifungo.

Haikuwa haki kamili, maana wengi waliendelea kuuliza kuhusu wahusika ambao hawakuguswa. Hata hivyo tujiulize: kama hakuna aliyeuliza, hizo bilioni 53 zingerudi zenyewe?

Waziri naye huwajibika

Aprili 2012, baada ya ripoti ya CAG kusomwa, wabunge walianza kukusanya saini za hoja ya kutokuwa na imani na Waziri Mkuu, wakitaka mawaziri wa wizara zilizotajwa wawajibike. Baraza jipya lilipotangazwa Mei 4, 2012, mawaziri sita hawakurudi, akiwemo Waziri wa Fedha, Mustafa Mkulo. Tuwe waangalifu hapa: kuondolewa katika wadhifa si sawa na kukutwa na hatia mahakamani. Ni kuwajibika kwa yaliyotokea chini ya uongozi wako.

Novemba 2014 ilikuwa zamu ya Akaunti ya Tegeta Escrow, iliyokuwa Benki Kuu. PAC, chini ya Zitto Kabwe, iliwasilisha taarifa juu ya fedha zilizotolewa humo, zaidi ya shilingi bilioni 300, na Bunge likapitisha maazimio manane. Desemba mwaka huo Mwanasheria Mkuu, Jaji Frederick Werema, alijiuzulu.

Hapa tunawaomba wafadhili wetu watusikilize. Kabla ya mjadala huo, nchi wahisani zilikuwa zimezuia karibu dola milioni 500 za kusaidia bajeti. Tunaelewa kwa nini. Lakini bajeti inapopungua, anayekosa si yule aliyechota fedha. Anayekosa ni mgonjwa wa zahanati na mtoto wa shule. Kwa hiyo kuzuia fedha peke yake hakutoshi. Kinachomlinda mwananchi ni kuwatia nguvu wanaouliza kabla fedha hazijapotea.

Bei ya kuuliza

Tusifiche kwamba kazi hii ina gharama. Aprili 2, 2019 Bunge lenyewe liliazimia kutofanya kazi na CAG Profesa Mussa Assad, baada ya yeye kutumia neno “udhaifu” alipozungumzia Bunge kutofuatilia ripoti zake. Novemba mwaka huo aliondoka katika nafasi hiyo. Desemba 2022 Mahakama Kuu iliamua kwamba kuondolewa kwake kulikuwa kinyume cha Katiba. Miaka mitatu ilipita kabla ya uamuzi huo. Hasara ya namna hii haimpati mtu mmoja tu, kwa sababu wakaguzi wengine wote wanatazama na kupima kama ni salama kusema.

Mafunzo kwa kamati zetu

Kwanza, tutenganishe kazi. Mhazini asiwe mkaguzi wa hesabu zake mwenyewe, na anayeidhinisha malipo asiwe ndiye anayelipwa.

Pili, tudai vielelezo. EPA ilipita kwa karatasi zilizofanana na karatasi halali. Stakabadhi isiangaliwe tu, ihakikiwe kwa aliyeitoa. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari.

Tatu, tuweke siku ya kusoma hesabu, ijulikane na isiahirishwe. Nguvu ya CAG iko pia katika tarehe zake.

Nne, tumlinde anayeuliza. Katika kamati nyingi, mama anayesimama kuuliza bei ya saruji huonekana mkorofi. Mhazini mwaminifu hana cha kupoteza kwa swali hilo, na jibu lake zuri linamsafisha mbele ya wote.

Tano, tufuatilie hadi mwisho. Azimio lisilokuwa na mtu wa kulitekeleza wala tarehe hubaki maandishi tu.

Maswali ya kujadili

1. Katika kamati yetu, nani anatumia, nani anakagua na nani anahoji? Je, ni watu tofauti?

2. Mara ya mwisho hesabu zilisomwa lini mbele ya waumini wote?

3. Ni nani aliyewahi kuuliza swali la fedha akanyamazishwa? Tufanye nini ili lisirudiwe?

4. Je, tumewahi kumuuliza diwani wetu hoja za ukaguzi za halmashauri yetu zimejibiwaje?