Abaayo, Funua Mfuniko Kwanza

Abaayo, dada yangu mdogo wa kule Diff, barua yako nimeisoma mara tatu, na kila nikifika pale kwenye tundu narudi kusoma upya. Unasema kabati la marehemu awoowe, yaani babu, lina mfuniko juu, vimilango viwili vidogo katikati, milango mikubwa chini, na ubavuni upande wa kulia kuna kitundu ambacho watoto hutumbukiza vijiwe. Chini ayeeyo, yaani bibi, anaweka vikombe, na juu ya mfuniko anaweka dabqaad, chetezo chake cha ubani. Sasa mchuuzi wa fanicha amepita, ametaja bei, na kaka zako wanataka pesa wiki hii hii.

Ngojeni. Kitundu hicho ni cha hendeli. Hilo kabati ni gramafoni.

Funua mfuniko, abaayo. Utakuta sahani ya chuma iliyovikwa kitambaa laini, na kando yake mkono wa bomba uliopinda kama shingo ya ngamia anayekunywa maji. Kisha fungua vile vimilango vidogo uingize mkono. Hutagusa rafu. Utagusa mdomo wa pembe, unaokwenda ukipungua hadi kuungana na ule mkono wa juu. Na pale panapokaa vikombe ndipo santuri zilipokuwa zikisimamishwa wima.

Katika mashine za mwanzo pembe ilitokeza nje kama ua kubwa, ikila nafasi na kukusanya vumbi. Mwaka 1906 kampuni ya Victor ya Marekani ikaigeuza pembe chini na kuifungia ndani ya kabati. Mashine hiyo ikaitwa Victrola, na ya kwanza iliuzwa dola 200, pesa nyingi kwa wakati ule. Jambo ninalolipenda mno ni kwamba hivyo vimilango ndivyo vilikuwa vya kuongeza na kupunguza sauti. Ukitaka jirani asikie, unafungua vyote viwili. Mtoto akilala, unavirudisha. Baadaye mafundi wa huko wakazidi kuificha: wengine wakaitia mashine ndani ya meza, wengine ndani ya kipiano kidogo, na wengine ndani ya taa ya mezani, sahani ikizunguka chini ya kivuli cha taa. Hizo za taa ni adimu, na wakusanyaji huzitafuta kwa udi na uvumba.

Huku kwetu santuri ilifika mapema kuliko wengi wanavyodhani. Mwaka 1928 mwimbaji Siti binti Saad alivuka bahari kutoka Unguja hadi Bombay kurekodi, na nyimbo zake zikarudi pwani zikiwa kwenye sahani ambazo upande mmoja huchukua dakika tatu hivi. Baada ya vita kuu ya pili zikaja radiogramu, yale makabati marefu yenye redio na santuri pamoja. Wengi wetu tumekulia nyumba ambazo radiogramu ilifunikwa vitambaa vya kufuma na kuwekewa picha za harusi, mpaka ikasahaulika kuwa ilikuwa na sauti.

Sasa tuje kwenye pesa, maana najua ndizo zinazokukosesha usingizi. Usitarajie utajiri. Makabati ya namna hii yalitengenezwa mengi, na la kawaida halinunui kundi la ng'ombe. Lakini bei ya kabati la vyombo si bei ya gramafoni, na mchuuzi aliyechungulia kile kitundu huenda anajua anachokiona. Tafuta bamba dogo au maandishi ya chapa ndani ya mfuniko. Lipige picha, na namba pia kama ipo, kisha muulize zaidi ya mtu mmoja. Nairobi, pale Kenyatta Market, wako wauza santuri wanaozifahamu mashine hizi. Wala wewe usishawishike kubadilishana na ile yenye pembe ya shaba inayong'aa na picha ya mbwa akisikiliza. Nyingi zinazouzwa siku hizi zimeunganishwa juzi juzi kwa vipande vya hapa na pale, kisha zikaitwa za kale.

Kaka yako anayehofia kuwa serikali itadai kabati ni kitu cha kale umtulize. Sheria ya Makavazi na Urithi ya 2006 inahesabu kuwa vitu vya kale vile vinavyohamishika vilivyotengenezwa au kuletwa Kenya kabla ya 1895. Makabati ya pembe iliyofichwa yalianza baada ya hapo.

Leo hii ondoa dabqaad juu ya mfuniko. Makaa yataunguza mbao. Usimwage mafuta ya kupikia ndani kwa nia ya kulainisha, na usifungue kopo la chuma lenye springi inayozungusha sahani. Springi ile imejikunja kwa nguvu miaka mingi, na ikifyatuka inakata vidole. Kazi hiyo mpe fundi wa saa wa zamani, mzee mwenye subira. Vijiwe vya watoto vitolewe kwanza, kabla mtu yeyote hajajaribu kuzungusha hendeli.

Mkikuta santuri, zile nzito zinazovunjika kama kigae, zifute kwa kitambaa kikavu. Mimi niliwahi kupewa moja na mama mkwe wangu, nikaisugua kwa spiriti ili ing'ae. Mifereji ikayeyuka mbele ya macho yangu, weusi ukabaki kwenye pamba. Sikujua kwamba zile sahani zina shelaki, ile ile ambayo seremala huiyeyusha kwa spiriti apate vanishi. Wimbo ule sijausikia tena. Na kwa jua la Diff, usiziache karibu na mabati. Zisimame wima, mahali pa kivuli.

Kama mjomba wako hapendi nyimbo nyumbani, usishindane naye. Mashine inaweza kukaa kimya na bado ikawa ya familia.

Ila kuna jambo hukuniuliza, nami nitalisema. Muziki wa Kisomali haukutegemea sana santuri. Uliishi redioni na kwenye kaseti.  Na mji wa Hargeisa ulipopigwa mabomu mwaka 1988, watu walikuwa wamezificha kanda za redio, nyingine wakazifukia ardhini, na ndiyo maana nyimbo zile zipo hadi leo. Kwa hiyo ukitaka kuwa mkusanyaji, anza na kaseti za ayeeyo zilizotupwa kwenye sanduku la bati. Zitie mle chini, vikombe vihamie kwingine.

Kisha keti naye akishakunywa chai ya jioni. Muulize awoowe alilinunua wapi, lilisafiri kwa lori gani, na usiku wa kwanza lilipolia nani alikuwepo. Rekodi kwa simu, hata akisimulia kwa kukatakata. Na umuulize hendeli iko wapi. Wazee huwa hawatupi chuma kizuri. Nina hakika ipo ndani ya nyumba hiyo hiyo, pengine ndiyo inayoshikilia dirisha.