Somo la Wiki: Ligi Iliyobaki na Wanachama Wawili
Msomaji, kabla hujanunua hisa za kampuni inayotegemea mkataba mmoja, uliza mkataba huo unakwisha lini. Pac-12, ligi ya vyuo vikuu vya Marekani, ilikuwa na wanachama 12. Mwaka 2022 USC na UCLA, wenye soko kubwa la Los Angeles, walitangaza kuhamia Big Ten, ambayo mwaka huohuo iliuza haki za televisheni kwa miaka 7. Mkataba wa Pac-12 ulikuwa unamalizika 2024, na baada ya hapo kila chuo kilikuwa huru kwenda na haki zake. Mnunuzi wa kuwaridhisha hakupatikana. Mwaka 2023 vyuo 8 zaidi vikaamua kuondoka. Vikabaki Oregon State na Washington State. SMU nayo ilikubali miaka 9 bila mgawo wa televisheni ili iingie ACC. Hicho ni kiingilio, tena ghali.