Herufi Kubwa katika Bibliografia: Mfano wa Majina ya Meru

Programu fupi isahihishayo herufi kubwa katika hifadhidata ya bibliografia kwa kawaida hugeuza kichwa chote kuwa herufi ndogo, kisha hukuza herufi ya kwanza pekee. Kwa hatua hiyo, kitabu cha Japhet na Seaton cha mwaka 1967 huwa "The meru land case".

Tiba ya kawaida ni orodha ya maneno yasiyoguswa. Kikwe, kata ya Wilaya ya Meru, huokolewa hivyo kwa urahisi. (Kanuni ya kuhifadhi kila neno lianzalo kwa Ki- haifai: itahifadhi Kimeru, lakini pia Kitabu na Kisima.) Maji ya Chai, kata nyingine ya wilaya hiyohiyo, ni suala jingine. Ikiorodheshwa neno moja moja, kila makala ihusuyo maji au zao la chai itapata herufi kubwa isiyostahili. Isipoorodheshwa, kata nzima itageuka kinywaji. Kwa hiyo orodha sharti iwe na virai, na virai virefu vitangulie.

Hata hivyo, hakuna orodha itenganishayo mji wa Moshi na moshi wa jikoni. Hapo programu ioneshe tu rekodi yenye shaka, na mhariri aamue. Katika BibTeX, uamuzi wake hulindwa kwa kuzungushia jina mabano ya mkunjo.