Kuni za Kupikia Bondeni Kilombero

Swali: Tangu uokotaji wa kuni katika Hifadhi ya Taifa ya Milima ya Udzungwa upigwe marufuku mwaka 2011, kaya za Mang'ula zipate wapi nishati ya kupikia?

Jibu: Marufuku hiyo, iliyofuta ruhusa ya kuokota kuni kavu kwa siku maalumu, iliwaelemea zaidi wanawake, na mzigo huo haupaswi kupuuzwa. Njia ya kutegemewa ni kupanda mijohoro mipakani mwa mashamba, kwa kuwa mti huo ukikatwa huchipua tena kisikini, yaani kwenye shina lililobaki ardhini. Miche ikiendelea kukua, pumba za mpunga zinazorundikana kwenye mashine za kukoboa za Ifakara hushindiliwa jikoni kuzunguka chupa, ambayo ikichomolewa huacha tundu la kupitisha hewa na moto.