Jua haki zako: Mwalimu akiulizwa maoni yake darasani, ajibu hadi wapi?

Juni 25, 2024 waandamanaji waliingia Bungeni Nairobi, na siku iliyofuata Rais William Ruto akatangaza kwamba hatatia saini Mswada wa Fedha. Ni vigumu kuamini kwamba kuna mwalimu wa shule ya upili nchini Kenya ambaye hakuulizwa na wanafunzi wake wiki ile: wewe unaonaje? Swali lenyewe halina ubaya, ila jibu lake linaweza kumtia mtu matatani. Wapo wanaoshikilia kwamba mwalimu ni raia kama raia wengine, basi aseme atakalo. Wapo pia wanaodai kwamba aliyepokea mshahara wa serikali ameshauza ulimi wake. Sheria ya Kenya haiko upande wa hawa wala wa wale. Hoja yangu ni kwamba mpaka wa maneno ya mwalimu darasani hauchorwi na hasira za mwalimu mkuu, mbunge au mzazi mwenye sauti kubwa. Unachorwa na haki za mtoto aliyeketi mbele yake, na hata mwalimu akiuvuka, adhabu ina njia yake ya kufuatwa.

Katiba ya mwaka 2010, katika Kifungu cha 33, inampa kila mtu uhuru wa kujieleza, na ndani ya uhuru huo imeutaja uhuru wa taaluma na wa utafiti wa kisayansi. Haikusema wahadhiri wa vyuo vikuu peke yao, ingawa hao ndio huutaja mara nyingi. Mwalimu wa Gredi ya 6 kule Garsen naye yumo. Kifungu hichohicho kinayanyima ulinzi mambo machache: propaganda ya vita, uchochezi wa ghasia, matamshi ya chuki, na utetezi wa chuki unaochochea ukabila, unaowatweza wengine au unaowabagua. Kisha kinamtaka msemaji aheshimu haki na sifa za wenzake. Anayetaka kumnyamazisha mtu kwa sababu nyingine yoyote hana budi kupita kwenye Kifungu cha 24. Hapo ataulizwa: kizuizi hiki kimewekwa na sheria gani? Kina sababu inayokubalika katika jamii huru ya kidemokrasia? Hakuna njia nyepesi zaidi ya kufikia lengo lilelile? Amri ya mdomo iliyotolewa ofisini, au ujumbe wa WhatsApp kutoka kwa afisa wa elimu, si sheria kwa maana hiyo. Walimu wengi hawalijui jambo hili, na kuna maafisa ambao wangependa liendelee kutojulikana.

Hata hivyo darasa si uwanja wa mikutano. Mtu asiyependa hotuba ya uwanjani huondoka zake, lakini mwanafunzi haondoki. Kifungu cha 53 kimeifanya elimu ya msingi kuwa ya lazima. Tena anayemfundisha mtoto ndiye anayemsahihishia, ndiye anayemwandikia ripoti, na ndiye atakayeulizwa habari zake akihamia shule nyingine. Maneno ya mtu mwenye uwezo huo juu ya mtoto hayana uzito sawa na maneno ya jirani anayebishana kwenye kibanda cha chai. Kifungu hicho cha 53 kinasema pia kwamba katika kila jambo linalomhusu mtoto, maslahi yake ndiyo ya kwanza. Kwa maoni yangu hiyo ndiyo sababu halali ya kumwekea mwalimu mpaka, na inatosha. Sababu ya kwamba serikali ndiyo inayomlipa haitoshi.

Ukiishika sababu hiyo ya maslahi ya mtoto, sheria nyingine zinasomeka vizuri. Sheria ya Vyama vya Siasa ya mwaka 2011 inamkataza afisa wa umma, na mwalimu wa shule ya umma ni mmoja wao, kuwa na cheo katika chama, kujiingiza katika siasa zinazotia doa kutoegemea kwake upande wowote, au kutangaza hadharani kwamba anaunga mkono au anapinga chama au mgombea. Hajanyang'anywa kura yake. Ila akisimama ubaoni na kuwaambia watoto wakawashawishi wazazi wampigie fulani, amewageuza wapiga debe bila hiari yao. Kueleza jinsi mswada unavyopita Bungeni, kwa nini vijana waliupinga ule wa 2024 na serikali ilijitetea vipi, hilo ni somo. Wanafunzi wakisisitiza kujua msimamo wake mwenyewe, anaweza kuutaja kwa ufupi, akabainisha kwamba ni maoni yake, akataja hoja za wanaompinga, na asimkate alama anayeona tofauti. Anaweza pia kukataa kuutaja. Hakuna sheria inayomlazimisha mtu kufungua moyo wake mbele ya darasa.

Kuhusu ukabila hakuna nafasi ya kujadiliana. Sheria ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa ya mwaka 2008 inaweka faini ya hadi shilingi milioni 1, au kifungo cha hadi miaka 3, au vyote viwili, kwa anayetoa matamshi ya kuchochea chuki ya kikabila. Kwa dini, Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 inawatambua wafadhili wa shule, wengi wao wakiwa makanisa na taasisi za Kiislamu, na inawaruhusu kulea maisha ya kiroho shuleni huku wakilinda imani za watoto wa dini nyingine. Mwalimu anayefundisha mambo ya imani katika somo lake yuko salama. Anayewaambia watoto kwamba imani ya mwenzao wa dawati la nyuma ni ya kishetani hayuko salama hata kidogo.

Maneno yanayojadiliwa kidogo mno, na ambayo naona ndiyo yenye madhara makubwa, hayahusu siasa wala dini. Ni matusi na dhihaka. Sheria hiyo ya 2013, katika kifungu cha 36, inakataza mwanafunzi kuteswa au kutendewa kikatili, kinyama au kwa kudhalilishwa, kwa njia ya kimwili au ya kisaikolojia, na mkosaji anaweza kutozwa faini ya hadi shilingi 100,000, kufungwa hadi miezi 6, au vyote. Watu wakisikia sheria hiyo huwaza kiboko tu. Lakini kumwita mtoto mjinga mbele ya wenzake kila wiki, kukejeli umaskini wa kwao, kumtania msichana kwa sababu ya hedhi, yote hayo yanaweza kuwa udhalilishaji wa kisaikolojia. Hakuna uhuru wa kujieleza unaomkinga mwalimu hapo. Ajabu ni kwamba shule inayomwita mwalimu ajieleze kwa kugusia serikali mara nyingi ndiyo hiyohiyo inayoyapita maneno ya aina hii kana kwamba ni sehemu ya malezi.

Pingamizi la kwanza dhidi ya msimamo huu ni kwamba watoto hawawezi kupambanua maoni na ukweli, kwa hiyo ni heri mwalimu asitoe maoni kabisa. Hoja hiyo ina nguvu kwa watoto wa chekechea, lakini nguvu hiyo hupungua kila mtoto anavyokua. Mtaala wa umilisi, yaani CBC, umeweka kuwaza kwa kina na uraia miongoni mwa umilisi wa msingi unaopaswa kujengwa kwa mwanafunzi. Sijui mtoto atajifunzaje kupima hoja iwapo hajawahi kusikia hoja yenye mwenyewe. Mahakama zetu nazo zimeshalitazama jambo la karibu na hili. Mwaka 2013 mchezo wa Shule ya Wasichana ya Butere uitwao Shackles of Doom, ulioandikwa na Cleophas Malala kuhusu ugavi wa mali usio wa haki, ulizuiwa kuingia katika tamasha la kitaifa la drama kwa madai ya kuchochea ukabila. Jaji David Majanja wa Mahakama Kuu aliamuru uigizwe, akieleza kwamba sanaa haipo kwa ajili ya kuburudisha peke yake. Huamsha pia dhamiri kutafakari maswali magumu ya wakati wake. Ikiwa wanafunzi wanaweza kuyabeba maswali hayo jukwaani, wanaweza pia kuyasikia darasani.

Pingamizi la pili linatoka kwa waajiri: muuza duka hawezi kuisema vibaya bidhaa ya tajiri wake, sasa mwalimu ana upekee gani? Marekani hoja hii imefika mbali. Mwaka 1968 Mahakama ya Juu ya nchi hiyo, katika kesi ya Pickering, ilimtetea mwalimu wa Illinois aliyefutwa kazi kwa kuandika gazetini akikosoa bodi ya elimu jinsi ilivyotumia fedha. Aliandika kama raia, juu ya jambo la umma. Lakini mwaka 2007 mahakama ya rufaa ya shirikisho, katika kesi ya Mayer, ilimkatalia mwalimu wa Indiana ambaye mkataba wake haukufanywa upya. Katika somo la matukio ya siku hizo mwanafunzi alimuuliza kama yeye hushiriki maandamano ya kupinga vita vya Iraq, naye akajibu kwamba hupiga honi ya gari apitapo penye bango la kuunga mkono amani. Mahakama ilisema kwamba maneno ya mwalimu darasani ndiyo kazi aliyoajiriwa kuifanya, hivyo mwajiri ndiye mwenye kuyapanga, na ikaongeza kwamba wanafunzi ni wasikilizaji wasio na pa kwenda. Sababu hiyo ya mwisho naikubali, nimeshaitumia hapo juu. Ile ya kwanza haitufai. Majaji wa Kenya wanaweza kuisoma hukumu hiyo, lakini hawafungwi nayo. Katiba yetu imeutaja uhuru wa taaluma waziwazi, na Kifungu cha 236 kinakataza afisa wa umma kuonewa kwa kutimiza kazi yake kwa mujibu wa Katiba, au kuadhibiwa bila utaratibu wa sheria kufuatwa. Nayo Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 imesema kwamba maoni ya kisiasa ya mfanyakazi si sababu halali ya kumwachisha kazi. Jibu la sentensi moja kwa swali la mtoto halifai kumpotezea mtu mkate wake.

Nje ya lango la shule mambo hubadilika, na kwa faida ya mwalimu. Akiandika gazetini kwamba fedha za wanafunzi zinachelewa kufika shuleni, au akilalamika katika mkutano wa chama chake cha walimu, KNUT au KUPPET, anatumia haki zake chini ya Vifungu vya 33 na 41 vya Katiba. Kuikosoa sera ya serikali si kukipigia debe chama cha siasa, na kinachozuiwa na Sheria ya Vyama vya Siasa ni hilo la pili. Asitoe tu siri za wanafunzi wala majina yao.

Linabaki pingamizi la waliokata tamaa, nalo ni zito. Aprili 2025 wasichana wa Butere walirudi na mchezo mwingine wa Malala, Echoes of War. Mahakama Kuu iliamuru waruhusiwe kuuigiza. Kule Nakuru polisi walirusha gesi ya kutoa machozi, Malala alikuwa ameshakamatwa, na wasichana wakaimba wimbo wa taifa kisha wakaondoka bila kuigiza. Haki ya kwenye karatasi ina faida gani basi? Kwa mwalimu anayekabiliwa na nidhamu ya kazi ina faida kuliko inavyodhaniwa, kwa sababu adhabu yake haiji kwa gesi, inakuja kwa barua, na barua inaweza kupingwa mbele ya jaji. Tume ya Huduma za Walimu, TSC, ina mamlaka makubwa: kuonya, kusimamisha, kufuta kazi, hata kuliondoa jina kwenye sajili ya walimu. Lakini Kifungu cha 47 cha Katiba kinaitaka itende kwa haraka, kwa haki na kwa kufuata sheria, na imwandikie sababu yule ambaye haki yake imeguswa.

Kwa hiyo mwalimu akiitwa ofisini kwa sababu ya alichosema, aombe madai yaandikwe: maneno gani, siku gani, somo gani, kanuni ipi imevunjwa. Aandike siku hiyohiyo anavyokumbuka mazungumzo yalivyokwenda, na ahifadhi maazimio ya kazi na andalio la somo, maana hakuna ushahidi bora kuliko huo kwamba mada ilikuwa sehemu ya mafunzo. Ajibu barua ya kutakiwa kujieleza kabla ya muda uliotajwa kwisha, hata kama anaiona ya kipuuzi. Sheria ya Ajira inampa haki ya kuelezwa makosa yake kwa lugha anayoielewa, mbele ya mfanyakazi mwenzake au mwakilishi wa chama anayemchagua mwenyewe. Mwalimu wa shule ya binafsi hayuko chini ya ajira ya TSC, lakini Sheria ya Ajira inamlinda vilevile.

Mzazi naye asikimbilie kumrekodi mwalimu na kumrusha mitandaoni. Amsikilize mtoto kwa utulivu, atazame daftari lake, amwone mwalimu husika, kisha mwalimu mkuu, kisha bodi ya shule. Yakishindikana huko, ofisi ya TSC ya kaunti hupokea malalamiko, na matamshi ya chuki ya kikabila yanaweza kupelekwa moja kwa moja kwa Tume ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa, NCIC. Aliyeachishwa kazi isivyo haki anaweza kwenda katika Mahakama ya Ajira na Leba, na mlango huo hufungwa miaka 3 ikipita. Kama unayo barua ya aina hiyo na bado hujamwonyesha wakili au afisa wa chama chako, mpelekee wiki hii.