SOMO LA VIJANA NA WAZAZI: MWALIMU WA MPIRA ASIPOTENDA HAKI

Ya kusoma kwanza: Hesabu 27:1-7, Yohana 18:19-23, 1 Timoteo 5:19.



Kijana mmoja wa parokia yetu alikuwa mlinzi wa upande wa kushoto katika timu ya shule lake. Kabla ya mchezo na shule jirani, mwalimu wa mpira aliwapeleka wachezaji nyuma ya madarasa. Palikuwa beseni la maji yenye majani ya nganga. Kila mmoja aoshe miguu na atoe pesa kidogo. Kijana wetu alikataa. Tangu siku ile akawa mtu wa kubeba mipira na maji ya kunywa, na nafasi yake akapewa mwingine.

Alipokuja kwetu, alikuwa amekwisha kuanza kulipiza kisasi kimya kimya. Alichelewa mazoezi kwa makusudi, na akipewa mpira aliupeleka kwa adui. Baba yake alimwambia: mkubwa hajibiwi, nyamaza na uombe. Tunamheshimu papa huyo. Lakini tulifungua Maandiko pamoja naye.

Binti watano wa Selofehadi hawakunung'unika kisimani. Walisimama mlangoni pa hema, mbele ya Musa, mbele ya Eleazari kuhani, mbele ya wakuu na mkutano wote, wakaleta neno moja tu: urithi wa baba yao. Musa hakuwakemea. Alilipeleka neno lao kwa Mungu, na Mungu akasema wana haki. Tena Bwana wetu Yesu, alipopigwa kofi mbele ya kuhani mkuu, hakurudisha kofi, wala hakunyamaza. Alimwuliza yule mtu sababu ya kumpiga. Sisi waamini tunapenda sana kutaja shavu la pili, na ukurasa huu tunauruka.

Na wazee wetu wa imani je? Papa Simon Kimbangu alihukumiwa kufa tarehe 3 Oktoba 1921, hukumu ikageuzwa kuwa kifungo cha maisha, akafia kifungoni Elisabethville tarehe 12 Oktoba 1951. Wafuasi wake walikamatwa na kuhamishwa mbali na vijiji vyao. Katika miaka ya 1950 walimwandikia Gavana Mkuu Pétillon: tutakusanyika katika uwanja wa mpira wa Léopoldville, bila silaha, mtukamate au mtuue. Hawakuchoma nyumba ya mtu. Walisema wazi jambo linalowaumiza, wakasema na mahali watakapopatikana. Tarehe 24 Desemba 1959 serikali ya Wabelgiji ililitambua Kanisa.

Kuna namna nyingine ya kugomba, ile isiyosema kitu, na nchi yetu inaijua. Tarehe 22 Juni 1974, katika Kombe la Dunia, Zaire ilicheza na Brazil. Wabrazil walipewa mpira wa adhabu. Kabla hawajaupiga, Mwepu Ilunga alitoka mbio katika ukuta akaupiga mbali. Dunia ilicheka miaka mingi, ikisema Waafrika hawajui sheria za mpira. Baadaye yeye mwenyewe alieleza kwamba sheria aliijua sana. Alifanya vile kwa hasira ya pesa ambazo wachezaji hawakupewa. Alikuwa na sababu. Lakini nani aliisikia siku ile? Mguu ulisema, na watu wakasikia jambo lingine. Ndivyo ilivyo kwa kijana anayepeleka mpira kwa adui: mwalimu anasema tu, mnaona, hajui kucheza.

Tulimwomba aache mchezo huo, kisha ajichunguze. Wachezaji ni kumi na mmoja tu, na si kila anayekaa benchi ameonewa. (Wazazi wengi wanatuletea neno haki, kumbe ni mapendo ya mtoto wao.) Swali letu lilikuwa hili: umeondolewa kwa sababu ya mchezo wako, au kwa sababu ya jambo ulilokataa? Jibu lilikuwa wazi, na mwenzake mmoja aliyeliona beseni alikubali kusema. Mtume anataka mashahidi wawili au watatu juu ya mzee; shahidi anamlinda hata mwalimu.

Basi walikwenda wawili, mchana, mlangoni pa ofisi. Akasema: «Mwalimu, ninakuheshimu. Nikicheza vibaya, uniondoe. Lakini maji yale siwezi kuyaosha, na ninaomba nisipoteze nafasi kwa ajili hiyo.» Mwalimu alicheka. Ndipo baba, yule aliyesema mkubwa hajibiwi, akavaa koti lake akaenda kwa prefe pamoja na mtu wa komite ya wazazi.

Hapa tunawageukia mabinti. Kama mwalimu anadai mwili wako ili akupe nafasi, njia hii ya kwenda kwake kwanza si yako. Usimfuate ofisini, hata na rafiki. Mwambie mama yako siku ile ile, na wazazi wasimalize jambo kwa mbuzi au kwa pesa. Sheria ya nchi ya mwaka 2009 juu ya ulinzi wa mtoto inamhesabu kuwa mtoto kila mtu asiyetimiza miaka 18.

Prefe alikataza beseni na pesa. Nafasi ya kijana wetu haikurudi mwaka ule. Wenzake walimlaumu kwamba ameleta fitina katika timu. Angali anakwenda mazoezi, na kwa wakati.

Kwa mazungumzo ya kikundi Jumapili ijayo: kati ya waliosha miguu kwa hofu, wawili ni watoto wa parokia hii, na wanaketi pamoja nasi. Tutazungumza nao namna gani?